Mpiga Ishara wa Vituo Saba

Tarehe 4 Februari

Kwa wajenzi wa mchezo wa Vituo Saba,

Habari za kazi. Mmeandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba mchezo bado uko jikoni, na kwamba atakayeonja aseme ukweli. Nimeonja kwa wiki sita, na ukweli ndio huu.

Kwanza shukrani. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa kwenye kiti cha plastiki, chai ikimpoea pembeni, akasukuma shehena ya vyuma kutoka kituo kimoja cha angani hadi kingine, na mwili ukamsisimka. Jua linapochomoza nyuma ya kituo cha pili huwa naacha kila kitu nikatazama. Aliyechora pale apewe salamu zangu.

Sasa lawama. Kontena likifika kituoni linasimama ghafla kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Hakuna mzigo duniani unaosimama hivyo. Pili, maelekezo yote ya kutua yanatolewa kwa sauti, tena sauti ya mtu mwenye haraka zake. Ukikosa neno moja umeshagonga ukuta. Wekeni ishara za kuonekana kwa macho. Tatu, mlango wa kituo cha nne unafunguka siku ukitaka.

Nawaandikia hapa kwa sababu kule kwenye jukwaa la wachezaji watu wanajibizana kwa vikatuni.

Winchi

*

Tarehe 6 Februari

Kaka Winchi,

Mambo vipi? Asante kwa maoni. Tuko wawili tu: mimi natengeneza mchezo, mwenzangu anashughulika na seva, chumba kimoja juu ya duka la mpiga chapa. Kila anayetuandikia tunamshukuru.

Kuhusu kontena: angani hakuna uzito, ndiyo maana linasimama kirahisi. Kuhusu sauti: fungua mipangilio, utaona mahali pa kuiongeza. Mlango wa kituo cha nne tunaujua. Unatusumbua hata sisi.

Endelea kuruka, kaka.

Fundi wa mchezo

*

Tarehe 7 Februari

Fundi,

Mimi si kaka yako. Nina miaka hamsini na tisa, na watu kumi na mmoja wananiita shangazi. Nimeendesha winchi miaka ishirini na sita kwenye yadi ya vyuma vya madaraja. Kibanda changu kilikuwa juu kuliko paa lolote mjini, na chini ya miguu yangu zimening'inia boriti ndefu kuliko basi. Vijana wa yadi ndio walionibatiza Winchi, nami nikaliacha jina linikae.

Umesema angani hakuna uzito. Sawa. Lakini uzito ni kitu kimoja na ukaidi wa mzigo ni kingine. Shuka hapo kwa mpiga chapa, mwombe toroli lenye marundo ya karatasi. Magurudumu yamebeba uzito wote, wewe hubebi kitu. Lisukume lishike mwendo, kisha ulisimamishe kwa mikono. Hapo utakutana na huo ukaidi, na huo haupungui hata ukienda mwezini.

Na sauti, kuiongeza hakusaidii. Jirani yangu anaranda mbao kwa mashine kuanzia asubuhi, sisikii kitu. Nahitaji ishara za macho. Tafadhali.

Winchi

*

Tarehe 20 Februari

Mama, shikamoo.

Naomba radhi kwa hiyo "kaka". Mimi pia ni mwanamke, na kila siku watu wananiandikia "kaka fundi". Ningepaswa kuwa wa mwisho kufanya kosa hilo.

Nilishuka kwa mpiga chapa. Nililisukuma toroli kwenye korido, nikajitia kulisimamisha kwa mkono mmoja kama bingwa. Lilinipitia, likamgonga mwenzangu muundi, likaenda kutulia mlangoni. Mpiga chapa alicheka mpaka akakaa chini. Mwenzangu hajacheka bado.

Wiki mbili hizi nimeandika upya namna mizigo inavyokwenda. Sasa rubani lazima aanze kupunguza mwendo mapema, la sivyo kontena linampita. Jaribu toleo jipya uniambie. Mwenyewe nilipolijaribu nilijua umesema kweli. Nilikuwa nimeanza kuuchoka mchezo huu, mama. Miaka mitatu ndani ya chumba kimoja. Barua yako imeniamsha.

Ila ishara za macho hazitawezekana sasa. Toleo kubwa linatoka mwisho wa Aprili na mwenzangu anasema wanaozihitaji ni wachache. Tafuta vile visikilizio vya kufunika masikio, vinazuia kelele za mashine.

Fundi

*

Tarehe 23 Februari

Marahaba, mwanangu.

Nimejaribu toleo jipya. Jana nilikipita kituo cha tatu kwa mita arobaini, nikarudi kinyumenyume kama dereva mwanafunzi. Nikacheka peke yangu sebuleni. Mnastahili pongezi. Mwambie mwenzako muundi utapona na mchezo umekuwa mchezo.

Sasa niache uongo. Jirani anaranda mbao Jumatatu tu, na masikio yangu ni mazima.

Kuna mchezaji naruka naye anayejiita Kobe, kwa sababu anakwenda polepole na hafiki amevunjika. Yeye ndiye asiyesikia. Tumebeba mizigo pamoja tangu Desemba, yeye mbele mimi nyuma, tukiandikiana maneno mawili matatu. Ni rubani mzuri kuliko mimi. Lakini kituo kinapomwambia "simama, kuna chombo kinatoka", yeye haoni kitu. Mara tatu amegongwa mlangoni na safari nzima ikapotea. Mara ya tatu vijana wawili walimrushia matusi kwenye redio dakika nzima kwa kuwa hajibu, na yeye alikuwa anaendelea kupanga makontena yake kwa utulivu, hajui kama anatukanwa. Mimi niliyasikia yote.

Juzi ameniandikia: "Nitamaliza mwezi huu, kisha naacha. Nawachosha wenzangu."

Sitaki aache. Ndiyo haja yangu yote kwenu, hata lile toroli lilikuwa la kuwavuta karibu.

Winchi

*

Tarehe 2 Machi

Mama,

Nilimsomea mwenzangu barua yako kwa sauti. Akaenda kwenye ubao wetu, akafuta kazi ya silaha za maharamia iliyopangwa mwezi huu, akaandika "ishara". Kisha akaniuliza, "Zinafananaje?" Nikagundua sijui.

Naona aibu kwamba nilikutuma ukanunue visikilizio.

Nataka kila kituo kiwe na mtu anayesimama jukwaani, amevaa glavu zenye taa, anamwongoza rubani kwa mikono. Wewe umeongozwa hivyo miaka ishirini na sita. Naomba utufundishe. Andika moja moja, kama unamfundisha mtu aliye gizani.

Fundi

*

Tarehe 9 Machi

Mwanangu fundi,

Nimesimama mbele ya kioo cha kabati wiki nzima nikijipungia mikono. Mwenye nyumba alipita dirishani akanisalimia kwa wasiwasi.

Kushusha: mkono umenyooka chini, kidole kinachora duara dogo. Kupandisha: hivyo hivyo, mkono juu. Kusimama: mkono umenyooka pembeni, kiganja chini, unakwenda na kurudi. Hatari, simama mara moja: mikono yote miwili hivyo hivyo. Polepole: kiganja kimoja kimetulia juu ya mkono unaoashiria, kama unafunika sufuria. Ukiwachora usitie madoido. Mpiga ishara mzuri hachezi ngoma, na mkono wake ukisha kusema hubaki pale pale mpaka mzigo utii.

Jambo kubwa kuliko yote: dereva hafanyi kitu ambacho mkono haujasema. Hata kama ana haraka, hata kama anaona njia ni nyeupe. Hilo liwe sheria ndani ya mchezo.

Ipo na nyingine ambayo haimo vitabuni, ilikuwa ya yadi yetu. Ngumi kifuani mara mbili, kisha kiganja wazi kuelekea juu. Maana yake: nakuona, niko hapa. Mpiga ishara aliifanya asubuhi kabla ya mzigo wa kwanza, na dereva akaijibu kutoka kibandani. Itumieni mkipenda.

Kobe nimemwambia asubiri hadi mwisho wa Aprili. Ameuliza kuna nini. Nimemwambia kuna mafundi wenye masikio.

Winchi

*

Tarehe 28 Aprili

Mama Winchi,

Limetoka. Tangu asubuhi watu mia nne wameingia, na ujumbe wa kwanza tulioupata ni wa msichana ambaye pia hasikii. Ameandika mstari mmoja: "Leo nimetua peke yangu." Mwenzangu ameubandika ukutani.

Nimekuwekea zawadi bila kukuambia. Ukifungua mchezo, kabla ya chochote, linatokea jukwaa la kituo cha kwanza. Mpiga ishara anasimama, anapiga ngumi kifuani mara mbili na kukunjua kiganja. Chini pameandikwa: "Kwa shukrani kwa Mama Winchi, dereva wa winchi kwa miaka ishirini na sita, aliyetupa ishara ya yadi yake."

Ni kidogo tu kwa ulichotufanyia.

Fundi

*

Tarehe 28 Aprili

Fundi, liondoe jina langu. Liondoe leo, na ile ishara pia. Kosa ni langu, sikukuambia. Nitakueleza, lakini kwanza liondoe.

*

Tarehe 29 Aprili

Mama, tumeliondoa ndani ya saa moja. Nimeangalia: Kobe alikuwa ameshaingia asubuhi. Alikaa kwenye ukurasa ule dakika kumi na mbili, hakwenda mbele, akatoka. Hajarudi.

Nisamehe. Nilidhani nakupa heshima.

Fundi

*

Tarehe 3 Mei

Mwanangu,

Huna kosa, na ile heshima niliiona. Mimi ndiye niliyekuwa nimejificha nyuma ya mlango, wewe ukaufungua kwa nia njema.

Kobe ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa mpiga ishara wangu pale yadini kwa miaka tisa. Ile ya ngumi kifuani tuliitunga sisi wawili, hakuna mwingine aliyeitumia. Nimekuandikia barua ile kwa mkono wangu mwenyewe, na hadi leo sijui kama niliteleza au nilitaka.

Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa tunashusha boriti ya mwisho ya siku. Msimamizi alikuwa kwenye redio akinihimiza, lori linasubiri. Mdogo wangu alikuwa amenyoosha mkono pembeni: simama. Niliona njia ni nyeupe, nikashusha. Upepo ukaja saa ileile, boriti ikazunguka, ikapiga tangi la chuma alilosimama karibu nalo. Tangi likamtupa, akavunjika mguu. Aliamka hospitali siku ya nne, haisikii hata sauti yake mwenyewe.

Uchunguzi ulisema ni upepo. Nikaulizwa, nikasema ni upepo. Na kweli upepo ulikuwepo, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na miguu ya kusimamia.

Nilikwenda kumwona hospitali mara mbili. Mara ya pili alinitazama sana, nikashindwa kumtazama. Nikaanza kuwa na udhuru: zamu, mafua, safari. Mwaka ukapita, miwili ikapita, nikawa ndugu wa kutuma salamu. Mwaka jana binti yake, mwalimu, alinipigia simu akasema kwa utani, "Shangazi, baba siku hizi anaishi angani, na ukimtaka ujipange foleni." Nikamuuliza ni mchezo gani. Nikajifunza nikiwa mzee, nikamtafuta, nikaanza kuruka nyuma yake kwa jina jingine, bila kumwambia mimi ni nani. Miezi minne niliongea na mdogo wangu kila siku. Ningewashukuruje kwa hilo?

Sasa ameona jina na ishara, na anakumbuka nani alimwambia asubiri toleo hili, kwa hiyo ameshajua. Na amejua kwamba nilikuwa hapo muda wote nikijifanya mgeni.

Winchi

*

Tarehe 5 Mei

Mama,

Nimeisoma nikiwa ngazini. Siwezi kukupa ushauri, nina umri wa kuwa binti yako. Naweza kukuambia hili tu: nafasi ya Kobe haijafungwa. Makontena yake yamepangwa kituo cha kwanza kama alivyoyaacha. Sitaruhusu mtu ayaguse.

Fundi

*

Tarehe 17 Mei

Kwa fundi wa Vituo Saba,

Mimi ndiye Kobe. Nashukuru kwa mpiga ishara wenu. Nilirudi jana nikamjaribu vituo vyote saba, na nina maoni mawili. Wa kituo cha tano anashusha mkono mapema kabla mzigo haujakaa, huyo mfukuzeni kazi. Na kituo cha nne, ishara inasema "ingia" wakati mlango umefungwa.

Kazi yangu ni kutengeneza saa. Sizisikii, naziweka chini ya kidole naona kama moyo wa kila moja unakwenda sawa. Kwa hiyo mtu akiniambia kitu kidogo hakina maana simwamini. Mmetumia miezi miwili kwa ajili ya watu wachache. Asanteni sana.

Sasa swali. Aliyewapa ile ishara mliyoiondoa amekuwa akiruka nyuma yangu tangu Desemba. Nimekaa wiki mbili na hasira, nimevunja saa ya mteja. Nilirudia kusoma maandishi yetu yote. Aliniuliza kama nala vizuri. Aliniuliza kuhusu mguu wangu wakati wa baridi, na mimi mjinga sikujiuliza mgeni amejuaje kuhusu mguu.

Je, yeye ndiye aliyewaomba ishara hizi? Nijibu kwa ukweli. Na usimwambie kama nimekuandikia.

Kobe

*

Tarehe 18 Mei

Mzee, shikamoo.

Ndiyo. Tangu barua yake ya kwanza, kabla hata hajatuambia ni kwa ajili ya nani. Tulimkatalia mara mbili.

Mengine ni yake kukuambia.

Fundi

*

Tarehe 10 Juni

Mwanangu fundi,

Amekuja.

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi asubuhi, nilikuwa naanika nguo uani. Nikamwona binti yake getini, nikajua nyuma yake yuko nani, nikabaki na shuka mkononi. Amenenepa kidogo, nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Binti akasema, "Shangazi, mimi naenda dukani," na duka liko hatua kumi, lakini alikaa saa mbili.

Tulikaa mezani. Anaongea, fundi, sauti yake imekuwa nzito kidogo, lakini mimi sina njia ya kumjibu ila kuandika. Nikachukua kalamu na daftari ninaloandikia hesabu za umeme. Nilikuwa nimejiandaa miaka kumi na moja kwa maneno mengi, yakaja mawili tu. Niliandika: "Haukuwa upepo."

Akasoma. Akasema, "Najua. Mkono wangu ulikuwa bado umenyooka."

Nikaandika: "Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ile. Wachunguzi walikuja hospitali na karatasi zao. Mimi ndiye niliyewaandikia kwamba ni upepo. Ulikuwa na wazee wawili wa kulisha, nani angekupa winchi nyingine?"

Nilidhani nimebeba siri peke yangu, kumbe yeye ndiye alikuwa ameninyanyulia upande mzito. Nililia, sitakuficha. Yeye akavuta daftari akalifunga, kwamba sasa ni zamu yake.

"Dada," akasema, "masikio niliyazoea kwa mwaka mmoja. Kukukosa wewe sijakuzoea mpaka leo. Nilikuwa natazama mlango. Kila mgeni akiingia natazama kama ni wewe umekuja kuniambia hilo neno, nikuambie najua, tunywe chai tuendelee."

Basi tukanywa chai. Akanisimanga kwa jinsi ninavyoruka: eti kwa miezi minne alikuwa anamhurumia mgeni aliye nyuma yake, anadhani ni mtoto wa shule.

Kuna jambo moja lilinitia aibu zaidi. Yeye na binti yake wanaongea kwa mikono, lugha kamili, wanataniana, wanagombana. Mimi niliyeongozwa kwa mikono nusu ya umri wangu, najua kusema panda, shuka, simama. Siwezi hata kumwuliza mdogo wangu ameamkaje. Nimemwomba anifundishe. Anakuja kila Jumamosi, na binti ananifundisha katikati ya wiki.

Kwa hiyo sitaonekana sana angani mwezi huu. Mwambie mwenzako asante, na mpiga chapa asante kwa toroli lake. Wewe sijui nikushukuru vipi. Ulimsikiliza mzee mgomvi asiyesema haja yake, na hata ulipokosea, kosa lako lilifanya kazi ambayo mimi niliikimbia miaka yote. Kama mdogo wangu akikubali, rudisheni ile ishara. Jina langu msiliweke. Ile ilikuwa kazi ya watu wawili.

Nikuachie hili. Jumamosi ya juzi niliuliza namna ya kusema samahani kwa mikono. Alinionyesha. Nikafanya, akatikisa kichwa, eti nimesema sabuni. Nikarudia, nikasema sabuni tena. Mara ya tatu vidole vilikuwa vimepinda, mara ya nne nilitumia mkono usiofaa. Binti alikuwa ameinama chini ya meza kwa kucheka. Mara ya tano nilifanya taratibu, nikiwa nimemtazama usoni, maana ameniambia lugha hii haisemwi ukiwa umeangalia chini.

Hakucheka. Akasema, "Hiyo imefika."

Winchi